Nimezunguka Marangu kwa miguu siku nzima, kila niliyekutana naye ananiuliza msiba uko wapi

Mtembezi Mvivu:
Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya maana hata safari yenyewe haikuwa ya watu wenye haraka.

Mimi nimezaliwa Moshi nikakulia Majengo, umri unagonga arobaini na mbili, na Marangu ndiko kwa babu mzaa baba. Sasa niulizeni maisha yangu yote nimeenda Marangu kufanya nini. Kuzika, kuoza, na Desemba kuhesabiwa kama Wachagga wenzangu. Unaingia na gari mpaka mlangoni, unakula, unarudi na mkungu wa ndizi kwenye buti. Njia ya miguu ya kutoka kwetu mpaka kwa jirani wa tatu siijui, kweli tena.

Jumamosi iliyopita nikasema leo naenda kutembea tu. Tunaanzia Marangu Mtoni, tunapanda taratibu mpaka kule kwenye geti la Mlima Kilimanjaro, halafu tunashuka kwa njia nyingine kabisa, upande wa Ashira, mpaka pale pale Mtoni. Nikamchukua baba mdogo, mstaafu, miaka 68, kofia ya pama kichwani, fimbo mkononi, magoti yake yana msimamo wake lakini vichochoro vyote anavijua maana ndivyo alivyopita kwenda shule peku.

Tumetoka Moshi na gari la abiria, Noah ya kwanza kwanza, mpaka Himo, tukabadilisha, tukapanda mpaka Mtoni, kama kilomita arobaini hivi kwa jumla. Siti ya nyuma tumekaa wanne na debe la mtu. Pale Himo mlima ulikuwa wazi mweupe, vilele vyote viwili, Kibo na Mawenzi, baba mdogo akanipigia kile kisa cha Mawenzi kwenda kuomba moto kwa Kibo kila siku mpaka Kibo akachoka akamtwanga na mchi, ndiyo maana Mawenzi mpaka leo amekaa mapembe mapembe. Nimekisikia mara mia ila mara hii nilikuwa namwangalia Mawenzi mwenyewe usoni, nikaona kweli kapigwa huyu.

Nakuja na sehemu ya pili, mtoto anadai simu.

Chalii wa Kaloleni:
Tupo hapa tumekaa. Ila mkuu kutembea bila sababu uchagani si watasema umefilisika gari limeuzwa?

Mkazamwana:
Weka picha bwana, uzi bila picha ni umbea.

Mtembezi Mvivu:
Mkazamwana dada yangu picha nimepiga nne, mbili zina kidole changu, moja imetoka ukungu mtupu, iliyobaki ni ya ng'ombe. Vumilia maneno.

Chalii wa Kaloleni umegonga penyewe. Hatujamaliza hata nusu saa toka Mtoni, mama mmoja yuko dukani kwake anafagia, akamuona baba mdogo, ufagio chini, mkono mdomoni, "Yesu wangu, nani tena?" Yaani hakusalimia. Ameona watu wawili wa mjini wanatembea kwa miguu Jumamosi asubuhi kwa hiyo amekufa mtu. Baba mdogo akasema hapana mae, tunatembea tu. Akauliza mnatembea mnaenda wapi, akajibiwa tunarudi hapa hapa. Yule mama alituangalia kwa huruma wakuu, huruma ya kweli kabisa, akatupa ndizi mbivu sita bure. Nadhani aliamua mmoja wetu hayuko vizuri.

Hiyo ikajirudia siku nzima. Bodaboda wanasimama "mzee gari imeharibika wapi", mwingine anataka kutupakia bure. Ukipita pale barabarani na mzungu hakuna anayekuuliza, mzungu kutembea ni kawaida yake, ila mtu mweusi mwenye viatu safi lazima ana shida.

Tukaanza na maporomoko ya Kinukamori, ni karibu tu na Mtoni, unalipa kiingilio, na cha Mtanzania si sawa na cha mgeni kwa hiyo msiogope. Pale juu kuna sanamu ya binti na chui. Baba mdogo akakaa kwenye jiwe akasema ngoja nikueleze, kumbe mimi nasoma kibao ila sikumwambia. Binti aliitwa Makinuka, akapata mimba kabla ya ndoa, na zamani adhabu ya hilo ilikuwa ni kifo, akaja hapa ajirushe. Kufika ukingoni akaogopa, akabadilisha mawazo, ageuke arudi nyumbani akakutana na chui uso kwa uso, akasahau kama nyuma yake kuna shimo. Basi. Maji yanaanguka pale chini na kelele yake, wanafunzi wanapiga selfi, mimi namfikiria yule binti aliyekuwa ameshaamua kuishi.

Ndizi Mshare:
Mimi bibi alinisimulia tofauti, kwamba alijirusha kabisa na chui hayumo. Wakaongeza chui baadaye ili isiwe dhambi.

Mtembezi Mvivu:
Ndizi Mshare hiyo nimempelekea baba mdogo kwa ujumbe, amejibu "bibi yake ni wa wapi". Sasa jibu mwenyewe.

Ndizi Mshare:
Mwika.

Mtembezi Mvivu:
Amesema "haya". Neno moja tu. Nimeogopa kuendelea.

Tuendelee na njia. Kutoka pale tuliacha lami tukaingia ndani ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, na hapa ndipo nilipogundua kwamba kwenye gari huwa sioni kitu, naona kijani tu inapita. Ukitembea unaona ghorofa. Juu kabisa kuna miti mikubwa, mifuruanje, miringaringa na ile migrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba mikahawa, chini ya mikahawa magimbi na maboga yanatambaa, na pembeni banda la ng'ombe wawili ambao hawajawahi kutoka nje toka wazaliwe wanaletewa majani. Eneo lenyewe ni nusu ekari unaweza kuta. Mpaka wa huyu na huyu ni masale tu yamepandwa mstari, hakuna ukuta, na ole wako uhamishe sale la mtu. Ni jani lile lile ukimkosea mtu unampelekea kumwomba msamaha, na kaburini linapandwa lile lile.

Na makaburi yapo hapo hapo wakuu, kwenye kihamba, mengine yamewekewa marumaru kuliko sebule yangu.

Kahawa zimeiva wakati huu, nyekundu, watu wanachuma. Kwenye boma moja tulikuta kijana anamenya na mashine ya kuzungusha kwa mkono, maganda yanatoka huku punje zinatoka huku zinateleza kama mbegu za papai, halafu zinalowekwa, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye kichanja cha waya. Nilimuuliza unakunywa kahawa, akacheka, akasema mimi nakunywa chai. Baba mdogo akaanza habari za enzi zake, kwamba hizi shule zote na bati zote unazoziona ni kahawa, chama chao cha ushirika cha KNCU kimeanza 1933 na kabla yake kulikuwa na kile cha wakulima wenyewe cha 1925, watu wa hapa walikuwa wanauza kahawa yao kwa pamoja wakati wengine hawajajua bei inapangwa wapi. Sasa hivi nimeona wengi wanachomeka parachichi katikati ya mikahawa. Siwalaumu, ila baba mdogo kila akiona mparachichi mpya anagonga fimbo chini.

Mwl wa Zamu:
Mzee yuko sahihi na kijana yuko sahihi. Kihamba kimegawanywa kwa watoto wa kiume mpaka kimebaki uwanja wa kuanikia nguo, hiyo kahawa itakusomeshea nani? Debe la parachichi unaliona mwaka huu huu.

Mtembezi Mvivu:
Mwalimu nakubali, na ndiyo maana nilikaa kimya, sikutaka kugongwa mimi na hiyo fimbo.

Sasa kitu kilichonikalia kichwani kuliko vyote, hata kuliko maporomoko, ni mfongo. Wengi mnaujua kwa jina. Ni mfereji wa maji, upana wake kama beseni tu, unachepushwa mtoni huko juu msituni halafu unatembezwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, maji yanaenda pole pole kufuata mgongo mpaka yafike kwenye vihamba vilivyo mbali na mto. Tulitembea pembeni ya mmoja kama nusu saa. Bonde liko kushoto chini sana unasikia mto unanguruma huuoni, na mguuni kwako maji yanapita kimya. Na kwa sababu njia inashuka zaidi kidogo kuliko mfongo, ukiangalia mbele unaona kama maji yanapanda mlima. Nilisimama nikaangalia mara tatu. Watu wamepima mteremko ule bila kifaa chochote, kwa macho na kwa maji yenyewe.

Tukamkuta mzee mmoja anafunga zamu yake. Zamu yaani kila boma lina siku na saa yake ya maji. Alikuwa amekata shina la mgomba akalilaza kukinga mfongo, akaweka udongo na majani pembeni kuziba, sasa muda umeisha anatoa. Alivuta lile shina mara moja, maji yakasita kidogo pale kama yanajiuliza, halafu yakaenda zake kwa jirani. Mikono ina matope mpaka viwiko. Akafuta mmoja kwenye suruali akamsalimia baba mdogo, akaniona mimi, akasema shimbonyi. Nikamjibu "poa mzee". Ee Mungu wangu. Akamgeukia baba mdogo akamuuliza kwa Kichagga kitu fulani, na hicho Kichagga nilikielewa vizuri kabisa, aliuliza huyu ni wa nani.

Walikaa wanaongea dakika arobaini. Walisoma pamoja. Mimi niko na mfongo. Wakanieleza kwamba ukikosa kwenda kuzibua mfongo siku ya kazi ya wote unatozwa faini, na siku hizi vijana hawapo kwa hiyo mifongo mingine imekufa, watu wamevuta mabomba. Nilipouliza vijana wako wapi yule mzee alinyoosha kidole, akaonyesha nyumba moja upande wa pili wa korongo, bati la bluu, geti kubwa, vioo vinametameta. Akaonyesha nyingine. Na nyingine. "Hao ndio vijana, wako Dar." Nyumba za vyumba sita zinalala mlinzi na mbwa toka Januari mpaka Desemba.

Dereva hana kona:
Umenisema mimi mkuu na sijakukosea kitu. Ya kwetu Kilema bati ni nyekundu lakini ujumbe umefika.

Mkazamwana:
Mimi nimeolewa huko, Desemba moja nilipika siku kumi watu hawaishi, Januari tatu nyumba nzima kimya unasikia friji tu. Endelea kaka.

Chalii wa Kaloleni:
Swali la pesa na usalama. Hamkuchukua kijana wa kuwaongoza? Mimi nilienda na washikaji, tulifika tu pale Mtoni tukazingirwa, jamaa mmoja akatupeleka mwisho akataka hela ambayo ningeenda nayo Zanzibar.

Mtembezi Mvivu:
Chalii, sisi tulifuatwa na vijana wawili, baba mdogo akawasalimia kwa Kichagga na kuwauliza ukoo, wakaaga wenyewe. Kama huna baba mdogo basi chukua kijana ila mpatane kabla hujanyanyua mguu, hela yote na unaenda wapi na unarudi saa ngapi, na usitoe yote mwanzo. Njia zinapita kwenye maboma ya watu, sio mbuga, kwa hiyo mwenyeji anasaidia hata kwa adabu tu. Kwenye boma unapiga hodi, unasalimia, unapita. Gharama zetu wote wawili, nauli, kiingilio, chakula na kile nitakachokisema hapo chini, hazikufika elfu arobaini.

Saa saba hivi tukawa tumefika juu, lami tena, geti la mlima la Marangu, mita elfu moja mia nane na kitu. Kutoka Mtoni sio mbali, kilomita tano sita kwa barabara, ila kwa mwendo wetu wa kusimama kila boma tulitumia nusu siku. Baridi imeanza, mawingu yameshuka, mlima haupo tena umefungwa kabisa, ndiyo kawaida ya miezi hii, ukitaka kumuona Kibo amka na majogoo la sivyo subiri jua linazama. Hatukuingia hifadhini, hatuna kibali na hatukuwa na haja. Ila pale kuna kumbukumbu ya akina mzee Yohani Lauwo, wa hapa hapa Marangu, anayesemekana alikuwa na akina Hans Meyer walipopanda Oktoba 1889. Shuleni tulikariri jina la Mjerumani peke yake. Mzee Lauwo alikuja kufariki 1996 wakuu, yaani mimi nilikuwa shule ya msingi na huyo mzee yuko hai hapo juu kilomita arobaini kutoka darasani kwetu, na mwalimu anatuuliza nani wa kwanza kufika kileleni.

Mwl wa Zamu:
Naomba radhi kwa niaba ya walimu wote.

Mtembezi Mvivu:
Umesamehewa mwalimu, niletee sale.

Tulikula pale pembeni ya barabara, chai ya chupa, mayai ya kuchemsha na zile ndizi za huruma. Msitu uko mbele yetu, mbega mweupe alikuwa juu ya mti anakula majani na ule mkia wake mrefu unaning'inia, hana habari. Baba mdogo alivua kiatu akakung'uta kokoto, akakaa soksi nje dakika ishirini. Nilitaka kusema twende baba muda unakwenda, nikajiuliza muda unakwenda wapi, nikanyamaza.

Kushuka ndio kulinitoa ushamba. Juu kule kulikuwa na manyunyu, na udongo wetu mwekundu ukilowa kidogo tu unakuwa sabuni. Mimi na raba zangu nyeupe za mazoezi nilianguka mara mbili, ya pili niliteleza kwa makalio mita kama nne mpaka kwenye migomba ya mtu. Baba mdogo na viatu vya ngozi vya kanisani hakuyumba, anakanyaga pembeni penye majani, fimbo inatangulia. Bibi mmoja amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani mkubwa kuliko mlango alinipita, kichwa hakitikisiki, akasema pole mwanangu, akaenda. Wakuu, viatu vyenye meno, tafadhali.

Bonde la upande ule ni tofauti, limefunga, kijito unakivuka kwa magogo mawili, kisha unapanda tena mgongo mwingine. Ukiwa juu ya mgongo unaona tambarare yote chini, kahawia, kavu, Himo inametameta bati, mpaka kule Kenya. Huku una kijani mpaka kwenye kope na kilomita kumi na tano chini mtu anakosa maji ya mbuzi.

Sasa ile gharama nyingine niliyosema nitaitaja. Kama saa tisa na nusu tumefika boma moja lina benchi mbili barazani, mama anauza mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba mdogo alinusa toka kwenye kona. Akatundika kofia kwenye msumari, akakaa kama mtu aliyefika kwake. Mama akaleta kata moja imejaa, akanywa yeye kwanza mbele yetu, funda moja, ndipo akampa mzee. Hiyo ndiyo sheria, mwenyeji anaonja. Mbege ya mjini nimeshakunywa, inakuja kwenye kopo la plastiki imechachuka. Hii ilikuwa ya jana yake, nzito, ulezi unaelea juu unaupuliza pembeni, mwanzo utamu wa ndizi, halafu katikati inakuja ile chungu ya msesewe, lile gamba la mti, inakaa nyuma ya ulimi. Kata inazunguka mkono hadi mkono. Wazee wanne, mimi wa tano, na wote kwa zamu waliuliza msiba wapi.

Na hapo ndipo baba mdogo alipowajibu jibu ambalo hakuwapa wengine. Alisema "nimekuja kabla." Wakacheka wote mpaka mmoja akakohoa. Mimi sikucheka sana.

Ndizi Mshare:
Daah. Huyo mzee mtunzeni.

Mkazamwana:
Nimeenda kumpigia baba simu. Narudi.

Dereva hana kona:
Mbege kata ngapi mpaka Mtoni, sema ukweli.

Mtembezi Mvivu:
Tatu. Na kipande cha mwisho nilikiona kifupi sana. Saa kumi na moja na robo tuko Mtoni, yule mama wa ufagio bado yuko dukani, akatuuliza mlikwenda wapi, baba mdogo akamwambia nilikwambia tunarudi hapa hapa. Akatuuzia vocha, ndizi safari hii hakutoa.

Chalii wa Kaloleni:
Sisi wa Arusha tupeni mbadala, nauli ya Moshi kila wiki siiwezi.

Mwl wa Zamu:
Chalii, una Duluti hapo Tengeru, njia inazunguka ziwa lote ndani ya msitu, ziwa lenyewe ni shimo la volkano. Au panda Ng'iresi huko miguuni mwa Meru, vilima na mashamba ya Waarusha. Huna kisingizio.

Mtembezi Mvivu:
Duluti nimeenda, nzuri ila ni fupi na hakuna mtu wa kukuuliza msiba.

Wakuu, wakati naandika hii baba mdogo kapiga simu. Kofia. Imebaki kwenye ule msumari barazani kwa mama wa mbege. Nikamwambia nitamtuma boda ailete kesho asubuhi, akakata simu. Amepiga tena sasa hivi, anasema boda hawezi kuijua nyumba, lazima twende wenyewe, na safari hii tuanzie upande wa Ashira tupande kinyume. Jumamosi saa kumi na mbili niwe mlangoni kwake, na ninunue viatu.